Kwa Nini Mikindani na Lindi Zilichukuliwa Bila Vita Mwaka 1916, na Damu Ikaja Kumwagika Mahiwa

Mwalimu wa historia wa huko Mikindani ameniletea swali hili: "Wazee wetu wanasimulia kwamba Waingereza walipoteremka hapa wakati wa vita vya Mdachi, hapakupigwa vita vya maana: manowari zilitia nanga, askari wakashuka, bendera ikabadilishwa. Lakini tunafundisha kwamba Tanga walipigwa vibaya, na wazee wa upande wa Nyangao wanasimulia vita vya kutisha mwaka uliofuata. Ikiwa kushuka pwani kulikuwa rahisi hivyo, kwa nini vita vikawa vizito huko bara, na kushuka kule kulileta nini hasa?"

Mwalimu, wazee wa Mikindani wamesema kweli, na wa Nyangao wamesema kweli vilevile. Masimulizi yao hayapingani, kwa sababu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni hili likiwa la Wajerumani, pwani iliachwa makusudi na kamanda wao aliyekuwa amekwisha kuchagua kupigana mahali pengine. Naomba univumilie nikianzia Tanga, maana bila Tanga hatuelewi hata kidogo kilichotokea kusini.

Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Kushindwa kwa Waingereza hakukutokana na uchache wa watu, wala hakukutokana na nyuki waliowavamia peke yao, ingawa nyuki ndio wanaokumbukwa zaidi. Asubuhi ya Novemba 2 manowari yao iitwayo Fox iliingia bandarini kutoa taarifa na kudai mji usalimu amri, na kwa tendo hilo moja wakawa wamemwambia adui kwamba wanakuja. Lettow-Vorbeck alikuwa na reli ya Usambara mgongoni, akawaleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Wale waliokuwa melini, ambao walikwisha kukaa baharini majuma kadhaa na wengi wao hawakuwa na mafunzo ya kutosha, walishuka mahali pa mikoko na maporomoko, wakaingia mashambani bila kuijua nchi. Baada ya siku tatu walirudi melini wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea, na wakamwachia adui bombomu (bunduki za rashasha) 16, mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Kwa muda mrefu baada ya hapo adui alipigana kwa silaha alizookota Tanga.

Hapo pana jambo ambalo naliona kuwa ufunguo wa swali lako. Anayeshuka pwani anashindana na saa. Bahari inamwezesha kuchagua mahali, lakini tangu askari wa kwanza akanyage mchanga, mwenye nchi anaanza kukusanya watu wake, na mshindi ni yule anayewahi kurundika nguvu mahali pale. Tanga mwenye nchi alikuwa na reli. Kusini hakukuwa na reli kuu kama hiyo. Kutoka Rufiji hadi Lindi kikosi kilikwenda kwa miguu, kikivuka mito na pori kwa majuma, wakati meli ilitoka Dar es Salaam ikafika Lindi kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo mwaka 1916, kwenye pwani yetu hii, saa ilikuwa upande wa mwenye meli.

Sasa tutazame hali ilivyokuwa Septemba ya mwaka huo. Jenerali Jan Smuts alikuwa ameshika uongozi wa majeshi ya Waingereza tangu Februari, akashuka na majeshi yake kutoka Kilimanjaro hadi Reli ya Kati. Morogoro ilichukuliwa mwishoni mwa Agosti, na Dar es Salaam ikasalimu amri Septemba 4. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kuelekea Mgeta na Rufiji, na hakuwa tayari kutawanya askari wake wachache kulinda miji ya pwani iliyokuwa chini ya mizinga ya manowari. Mji kama Lindi, uliokaa ukingoni mwa ghuba, usingeweza kukaa saa nyingi chini ya mizinga hiyo, na kumpoteza askari mwenye ujuzi pale kungekuwa hasara isiyolipika, kwa sababu Wajerumani hawakuwa na njia ya kuletewa mwingine. Ndiyo maana manowari za Admirali Edward Charlton zilipoteremka kusini zikishusha vikosi bandari moja baada ya nyingine, zilikuta milango iko wazi: Kilwa Septemba 7, Mikindani Septemba 13, Lindi Septemba 16. Haukupita mwezi mmoja tangu Dar es Salaam ianguke, pwani yote ya koloni ikawa mikononi mwao.

Wengi hudhani Waingereza walikuja huku kwa ajili ya Mikindani na Lindi zenyewe. Miji ile ilikuwa na thamani yake, lakini sababu iliyowasukuma zaidi naiona katika ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya mzingiro wa manowari ikajificha humo. Ilikuwa imebeba mizinga, risasi, dawa na mahitaji mengine ambayo jeshi la Lettow-Vorbeck liliyahitaji kufa na kupona. Shehena iliteremshwa na kupelekwa bara vichwani mwa maelfu ya wapagazi kabla Waingereza hawajang'amua. Walipoigundua Aprili waliipiga mizinga, lakini mabaharia wake waliziba matobo, wakangoja usiku, wakatoroka nayo hadi visiwa vya Waholanzi huko Mashariki ya Mbali. Mwaka mmoja kabla, meli nyingine iliyokuja kwa namna hiyo ilifika ghuba ya Manza karibu na Tanga, na ingawa yenyewe iliharibiwa, sehemu kubwa ya shehena iliokolewa. Na meli ya vita Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji hadi ikazamishwa Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu.

Anayeijua pwani hii anaelewa hofu yao. Kutoka Kilwa hadi mlango wa Ruvuma ni ghuba baada ya ghuba, hori baada ya hori, zenye mikoko ya kufichia milingoti na maji ya kina yanayofika karibu na ukingo. Manowari haiwezi kulinda kila hori usiku na mchana, hasa wakati wa kusi kali. Njia ya hakika ya kuufunga mlango ni kukaa ndani ya mlango wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kushuka kwa Septemba 1916. Kwa kipimo hicho walifaulu, maana baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyomfikia Lettow-Vorbeck.

Sababu ya pili ilikuwa Ureno. Ujerumani iliitangazia Ureno vita Machi 1916, na Aprili Wareno wakaichukua Kionga, ile pembe ndogo ya ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma. Septemba walivuka mto wakaenda hadi Newala. Waingereza walitaka kushika bandari za kusini wao wenyewe, kwa upande mmoja ili kumkaba adui kutoka nyuma, na kwa upande mwingine, kwa maoni yangu, ili suala la nani atawale kusini baada ya vita lisije likaamuliwa na Wareno. Jambo hili la pili halikuandikwa waziwazi katika amri za kijeshi, lakini haraka ile ya kuwahi Mikindani, mji ulio jirani kabisa na Ruvuma, inalionyesha.

Kama bandari zilichukuliwa Septemba 1916, kwa nini Lindi iliendelea kukaa mpakani mwa vita hadi katikati ya 1917? Hapa ndipo penye uzito wa swali lako, na hapa ndipo vitabu vingi vinapopita haraka.

Vikosi vilivyoshushwa Mikindani na Lindi vilikuwa vidogo. Vilitosha kushika mji wenye manowari nyuma yake, lakini havikutosha kutoka nje na kuishika nchi. Nguvu kubwa zaidi ilipelekwa Kilwa, kwa sababu Smuts alitaka kumzuia Lettow-Vorbeck asitoke Rufiji kwenda kusini. Hata huko Kilwa kazi ilikwama. Desemba palipigwa vita vikali Kibata katika milima ya Umatumbi, kisha mvua zikaingia. Masika ya 1917 yalikuwa makubwa mno, Rufiji ikafurika, njia zikawa mabwawa. Malaria na kuhara vilikuwa vimekwisha kulimaliza jeshi. Mwishoni mwa 1916 Smuts alilazimika kuwarudisha kwao zaidi ya askari Wazungu 12,000 wa Afrika Kusini, na Januari akaondoka mwenyewe kwenda London.

Wakati huo Wajerumani hawakukaa bure. Wareno waliokuwa Newala walishambuliwa Novemba na kikosi kilichoongozwa na Max Looff, yule aliyekuwa nahodha wa Königsberg, wakakimbia kurudi ng'ambo ya Ruvuma na kuacha silaha na mizigo. Baadaye kikosi hicho kiligeukia Lindi, kikachimba mahandaki kwenye vilima na vichaka nje ya mji, na mizinga iliyotoka katika meli ile ikatumika huko. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa Waingereza waliishi Lindi kama watu waliokaa kibarazani huku vyumba vyote vya ndani vikiwa na mtu mwingine. Bahari ilikuwa yao, lakini barabara ya kwenda Masasi haikuwa yao.

Ndiyo maana palihitajika kushuka mara ya pili, na mara hii halikuwa jambo la bendera tu. Juni 1917, Jenerali van Deventer akiwa sasa ndiye kamanda mkuu, kikosi cha Jenerali O'Grady kilipanda mashua na matishari usiku, kikaingia ndani ya mlango wa mto Lukuledi, kikashuka Mkwaya ubavuni mwa adui badala ya kumwendea usoni kutokea mjini. Nimekwenda Mkwaya mara kadhaa wakati wa maji kupwa, na kila mara nastaajabia ujasiri wa kazi ile. Maji yakitoka, hori inabaki na mkondo mwembamba katikati na tope jeusi pande zote mbili, na mtu akikanyaga pembeni anazama hadi magotini. Askari mwenye bunduki, mkanda wa risasi na chakula cha siku mbili hawezi kuvuka tope lile akiwa anapigwa risasi. Kwa hiyo walipaswa kuingia na maji yanayojaa, gizani, bila taa, na kumaliza kushuka kabla maji hayajageuka. Mvuvi yeyote wa Kitunda angeweza kuwaeleza hesabu hiyo, na naamini kabisa kwamba wenyeji ndio waliowaeleza, maana ramani ya manowari haionyeshi tope linavyokuwa laini. Adui alifukuzwa kutoka ukingoni, lakini hakuvunjika. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, na kila kilima kilipiganiwa, kikiwemo kile cha Tandamuti mwezi Agosti.

Kutoka hapo hadi Mahiwa, karibu na Nyangao, ni hadithi ya mizigo kuliko ya risasi, na ningependa wanafunzi wako waifanyie hesabu. Nchi ile ilikuwa na mbung'o, na ng'ombe, farasi na punda walikufa, kwa hiyo kitu kilichobeba vita kilikuwa kichwa cha binadamu. Mpagazi alibeba kilo zipatazo 25. Kutoka Lindi hadi Masasi ni kilomita zipatazo 140, yaani siku saba za kutembea na mzigo, na siku zisizopungua tano za kurudi mikono mitupu. Akila kilo moja kwa siku, karibu nusu ya mzigo aliobeba ameula yeye mwenyewe, na inayomfikia askari ni nusu iliyobaki. Kila hatua ambayo jeshi lilijitenga na bahari, idadi ya wapagazi ilibidi iongezeke, na hao wapagazi nao walihitaji kulishwa. Kule kurahisishiwa na bahari, kulikowaleta Lindi kwa siku mbili, kuliishia Mingoyo. Kuanzia hapo Lettow-Vorbeck ndiye aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea kwenye maghala yake ya chakula, na Waingereza ndio waliokuwa wakiyaacha yao mbali.

Hiyo ndiyo hali iliyozaa Mahiwa. Katikati ya Oktoba 1917 Jenerali Wahle wa Wajerumani alikuwa akizuia njia ya Lindi karibu na Nyangao. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Kilwa, aliwachukua askari wake haraka bila Waingereza kutambua akajiunga naye. Kikosi cha Wanaijeria kilichotumwa kuzunguka kwa nyuma kilijikuta kimezungukwa chenyewe, na Jenerali Beves, akiongoza mashambulizi kutoka upande wa Lindi, akawarudisha watu wake mara kwa mara moja kwa moja mbele ya bombomu. Vita vilidumu kuanzia Oktoba 15 hadi 18. Katika jeshi la Waingereza la watu wapatao 5,000, zaidi ya nusu, yapata 2,700, waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani wapatao 1,500 walipoteza watu zaidi ya 500. Ni mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki, na walioanguka pande zote mbili wengi wao walikuwa Waafrika. Wapagazi waliokufa njiani hawamo katika hesabu hizo.

Lettow-Vorbeck alishinda siku zile nne, lakini alimaliza risasi ambazo hakuwa na mahali pa kuzipata tena, na hapa kushuka kwa Septemba 1916 kunaonyesha matunda yake. Bandari za kusini zingebaki wazi, pengine meli nyingine ingalifika Sudi, na vita vingeendelea Lindi kwa muda mrefu. Kwa kuwa zilifungwa, ushindi wa Mahiwa ulimwacha na jeshi lisilo na risasi za kutosha wala kwinini. Alirudi hadi uwanda wa Makonde, akawaacha nyuma wagonjwa na majeruhi na wote wasioweza kutembea, na Novemba 25 akavuka Ruvuma penye Ngomano na watu wapatao 2,000. Huko alikishambulia kituo cha Wareno akajipatia bunduki, risasi na dawa, kisha akazunguka Msumbiji kwa miezi mingi. Alisalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, baada ya habari za kusitishwa kwa vita Ulaya kumfikia.

Kipimo cha jinsi mlango wa bahari ulivyokuwa umefungwa ni kwamba Ujerumani ilijaribu kuwaletea mahitaji watu wake kwa angani. Novemba hiyo hiyo puto kubwa la kivita liitwalo L59 liliruka kutoka Bulgaria likiwa na risasi na dawa, likikusudia kutua uwanda wa Makonde. Lilifika Sudan, likaitwa lirudi, na likatua lilikotoka baada ya saa 95 hewani. Fikiria, Mwalimu: chombo kile kilikusudia kutua juu ya mashamba ya mihogo ya watu wa Newala.

Kuhusu matokeo kwa watu wa kusini, wengi huyaeleza kwa mstari mmoja, na mimi naona hilo si haki. Nchi ya Lindi ilikuwa haijapona majeraha ya Maji Maji na njaa iliyofuata 1905 hadi 1907. Miaka kumi baadaye majeshi mawili yalipita juu ya mashamba yale yale, kila moja likichukua mtama, mpunga na mihogo, kila moja likikamata vijana kubeba mizigo. Mwanamume akikamatwa upagazi mwezi wa kulima, shamba halilimwi, na waliobaki nyumbani wanalala njaa mwaka unaofuata hata kama risasi haikupita kijijini kwao. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vyote, wengi kwa kuhara na homa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na jeshi lile la wapagazi. Kisha, mwishoni mwa 1918, homa kuu iliyoenea duniani kote ikawakuta watu hao hao wakiwa wamedhoofu.

Mpaka nao uliguswa. Katika mapatano ya amani ya 1919 Kionga ilipewa Ureno, na hadi leo iko Msumbiji. Nchi iliyobaki, isipokuwa Rwanda na Burundi zilizokwenda kwa Ubelgiji, iliwekwa chini ya Uingereza na kuitwa Tanganyika. Mkwaya haikusahauliwa pia. Karibu miaka 30 baada ya O'Grady, mradi wa karanga ulipohitaji mahali pa kuteremshia mitambo kabla gati la Mtwara halijakamilika, walirudi katika hori ile ile ya Lukuledi.

Umesema unakusudia kuwapeleka wanafunzi kuona. Nakushauri usiwaonyeshe Boma la Mikindani peke yake, maana hapo watauona upande uliokuwa rahisi tu. Wapeleke Mkwaya siku ya bamvua, muwahi kabla maji hayajaanza kutoka, mkae hadi tope lionekane. Kisha mfuate barabara kupitia Mtama hadi Nyangao, na mkifika mtafute wazee ambao babu zao walichukuliwa upagazi, muwaulize walikamatwa mwezi gani na nani alilima shamba mwaka ule.